UZI MAALUMU: Radio Okapi, redio iliyovuka mistari ya vita Kongo

Mwanakigoma ameandika:

Wakuu, salamu kwenu nyote. Humu jukwaani tumeshazungumza sana kuhusu redio zetu, kuanzia enzi za RTD mpaka hizi FM za kila mkoa. Leo naomba tuvuke ziwa. Iko redio ambayo sisi wa ukanda wa magharibi huisikia ikitajwa kila Kongo inapowaka moto, lakini sijaona mtu aliyekaa chini akaielezea vizuri kwa Kiswahili, ilhali Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake tano. Nazungumzia Radio Okapi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga ajiandae. Wengi huiita "redio ya UN" na hapo hapo habari inaisha. Fedha na mitambo ilitoka UN, sibishi. Lakini kilichowafanya watu waiamini ni uamuzi wa kihabari: mtu wa Goma asikie kilichosemwa Kinshasa, na mtu wa Kinshasa asikie kilichosemwa Goma, siku hiyo hiyo, kwenye taarifa moja ya habari. Na waliobeba gharama ya uamuzi huo ni wanahabari wa Kikongomani wenyewe.

Ukitaka kuielewa, usianzie 2002 ilipofunguliwa. Anzia Bukavu, 1994.

Julai mwaka ule mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliingia Kongo, wakati huo Zaire, kupitia Goma na Bukavu. Kwenye kambi moja alikuwepo mama aliyekimbia na watoto wake, na jirani yake huenda ni mtu aliyeua. Uvumi ndio uliokuwa habari. Na masikioni mwa watu bado ilikuwa inalia RTLM, ile redio ya Kigali iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993 na ikatumika kuchochea mauaji ya kimbari. Watu walikuwa wameona kwa macho yao redio inavyoweza kuua.

Agosti 1994 wanahabari kutoka Uswisi, kupitia tawi la nchi hiyo la Reporters sans frontières, shirika la kutetea wanahabari, wakafungua redio Bukavu. Iliitwa Radio Agatashya. Kazi yake ilikuwa kueleza mambo yanayoweza kuhakikiwa: misaada inapatikana wapi, nani anamtafuta ndugu yake, huko nyumbani kukoje. Mwaka 1995 waliokuwa nyuma ya mradi ule, wakiwemo Philippe Dahinden na Jean-Marie Etter, wakaunda taasisi ya kudumu, Fondation Hirondelle, yenye makao Lausanne. Mwaka 1996 vita vya kumng'oa Mobutu vikaikuta Kivu, Agatashya ikanyamaza.

Hirondelle hao hao walifika mpaka kwetu. Walikuwa na shirika la habari pale Arusha lililofuatilia kesi za mahakama ya Rwanda, ICTR. Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani Nahimana na Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Ngeze wa gazeti la Kangura. Kwa hiyo watu hawa walikuwa wameisoma redio ya chuki kurasa kwa kurasa, kwenye majalada ya mahakama. Nawaambia hivi ili tukifika kwenye kanuni za Okapi muelewe zimetoka wapi.

Nitaendelea na sehemu ya pili.

Mama Ashura ameandika:

Asante sana mwanangu. Endelea, tunasoma. Hiyo ya Arusha sikuwa naijua kabisa, na niliishi Arusha miaka hiyo.

Kijana wa Kasulu ameandika:

Naweka kambi hapa. Nyarugusu tumekaa na Wakongomani tangu 1996, wengi wao kutoka Fizi na Uvira. Hao wazee redio zao ndogo za betri ndiyo ilikuwa mali ya kwanza kuokolewa. Endelea mkuu.

Mwanakigoma ameandika:

SEHEMU YA PILI.

Vita vya pili vya Kongo vilianza Agosti 1998. Mkataba wa kusitisha mapigano ulisainiwa Lusaka Julai 1999, na Novemba mwaka huo Baraza la Usalama la UN likaunda MONUC, ujumbe wa kulinda amani Kongo. Lakini mkataba haukuiunganisha nchi. Kinshasa na magharibi ilikuwa chini ya serikali, kwanza ya Laurent Kabila, na baada ya kuuawa Januari 2001, ya mwanawe Joseph. Kaskazini, Gbadolite, alikaa Jean-Pierre Bemba na waasi wake wa MLC. Mashariki ilikuwa ya waasi wa RCD-Goma. Beni na Butembo kulikuwa na tawi jingine la RCD chini ya Mbusa Nyamwisi. Kila mmoja na jeshi lake, kodi zake, wageni wake waliomuunga mkono, na redio yake.

Fikirieni maana yake kwa mtu wa kawaida. Mto Kongo, ambao ndio barabara kuu ya nchi ile, ulifungwa kwa biashara kati ya Kinshasa na Kisangani. Mama yuko Kisangani, mwanawe anasoma Kinshasa, miaka inapita hawajui nani hai nani kafa. Ukiwasha redio ya upande wako unaambiwa upande wa pili ni wasaliti na wameshashindwa. Upande wa pili nao wanaambiwa hivyo hivyo kuhusu wewe.

Goma ilikuwa na msiba wake juu ya hayo. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani.

Tarehe 25 Februari 2002, siku mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City, Afrika Kusini, Radio Okapi ikaanza kurusha. MONUC ilikuwa mmiliki, Hirondelle ndiyo iliyokabidhiwa kuongoza kazi ya habari, na Mkanada David Smith alikuwa mstari wa mbele katika kuianzisha. Studio za mwanzo zilikuwa Kinshasa, Goma na Kisangani. Angalieni hizo sehemu tatu: moja ya serikali, mbili zikiwa chini ya RCD. Hawakuanza upande mmoja halafu wakasubiri kuruhusiwa upande wa pili. Walianza pande zote mbili kwa mpigo. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya redio ile.

Jina nalo lilichaguliwa kwa akili. Okapi ni mnyama wa misitu ya Kongo tu, hakuna nchi nyingine anakoishi porini, na hakuna kabila wala chama kinachoweza kusema ni wake.

Baadaye zikafuata Bukavu, Bunia, Kindu, Kalemie, Lubumbashi, Mbandaka, Kananga, Mbuji-Mayi. Lugha ni Kifaransa na lugha nne za taifa: Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Tshiluba. Hakuna muziki wa kutwa nzima wala matangazo ya sabuni. Ni habari na mijadala.

Mijadala ndiyo iliyoijenga. Kipindi cha Dialogue entre Congolais kiliwakalisha pamoja watu ambao majeshi yao yalikuwa yanapigana. Wa serikali yuko Kinshasa, wa RCD yuko studio ya Goma, na kila mmoja anamjibu mwenzake moja kwa moja. Kingine, Parole aux auditeurs, kiliwapa wasikilizaji simu. Watu walioishi miaka wakihutubiwa, leo wanauliza wao.

Fundi Mitambo ameandika:

Mkuu umeeleza vizuri, niruhusu niongeze upande wa mitambo, maana hapo ndipo wengi hawaoni ugumu.

FM haipindi kona. Inakwenda inakoona. Nchi ile ina kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili na laki tatu, kwa hiyo huwezi kuweka mtambo mmoja Kinshasa ukasema unatangaza kitaifa. Chukua Bukavu: mji umekaa juu ya vilima na rasi zinazoingia ziwani. Ukiweka antena bondeni, nusu ya mji haipati kitu. Lazima upande mlima, na ukipanda mlima unahitaji ulinzi, jenereta na dizeli ya kupandisha kila wiki, kwenye nchi ambayo barabara hakuna.

Mfumo wao ulikuwa hivi. Kila studio ya mkoa inakusanya habari zake na kuzituma Kinshasa. Kinshasa wanapanga taarifa ya kitaifa, inapanda kwenye setilaiti, inashuka kwenye mitambo yote kwa wakati mmoja. Halafu kwa saa zilizopangwa kila studio inajitoa kwenye mtandao na kutangaza ya kwake kwa lugha ya hapo, kisha inarudi. Ndiyo maana mtu wa Bukavu anaiona ni redio ya Bukavu, na wa Kananga anaiona ni ya Kananga.

Kwa walio mbali na miji waliongeza masafa mafupi. Kijana wa Kasulu, hao wazee wako wa Nyarugusu kama walikuwa na redio nzuri ya SW, waliipata kwenye kilohezi 11690.

Halafu swali la nani angeweza kusafirisha transmita na wanahabari kuvuka mstari wa mbele mwaka 2002? Ndege za UN. Hakuna mfanyabiashara, hakuna kanisa, hakuna serikali. Hilo tuliweke wazi.

Kijana wa Kasulu ameandika:

Ndiyo hiyo Fundi. Mzee mmoja jirani na shule yetu alikuwa anatoka nje na redio, waya wa antena kaufunga kwenye mti, watu wanakusanyika. Walikuwa wanasikiliza kama kuna usalama wa kurudi Fizi. Sikujua ile ni Okapi mpaka leo.

Dereva wa Semi ameandika:

Wakuu mimi nitakuwa tofauti kidogo. Nimebeba mizigo mpaka Lubumbashi na watu niliowakuta kule hawaipendi MONUSCO, hao walinda amani wa UN waliorithi MONUC. Wanasema wamekaa miaka zaidi ya ishirini na vita havijaisha. Sasa redio ya bosi huyo huyo itasemaje ukweli kuhusu bosi? Bukavu ilipotekwa na makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi Juni 2004 walinda amani walikuwepo na mji ukaanguka. Hasira ya wananchi ilikuwa kwa UN. Mkuu unaposema "uamuzi wa kihabari", uamuzi wa nani? Anayelipa mshahara ndiye anayeamua.

Mwanakigoma ameandika:

Dereva, hoja yako ni nzito na siikwepi. Hata hasira ya Goma Julai 2022, watu walipovamia vituo vya MONUSCO, ilitokana na yale yale unayosema.

Ndiyo maana muundo wa mwanzo una umuhimu. Uandishi uliwekwa mikononi mwa Hirondelle, taasisi ya nje ya UN, ili kati ya jenerali na meza ya habari awepo mtu mwenye haki ya kusema hapana. UN nayo ilileta kitu ambacho taasisi ndogo isingepata: kinga ya kisheria. Serikali ilikuwa imekubaliana na UN kwamba ujumbe ule unaweza kuendesha redio yake, kwa hiyo mkuu wa mkoa au kamanda wa waasi hakuweza kuamka asubuhi akatuma askari kufunga studio. Redio nyingine za Kivu hazikuwa na bahati hiyo.

Je, palikuwa na mipaka? Naamini ilikuwepo. Redio ya ujumbe wa kulinda amani haiwezi kumchimba mkubwa wa ujumbe huo kama gazeti huru linavyoweza, na vipindi vingine vilikuwa kazi ya UN waziwazi. Mfano ni Gutahuka, kwa Kinyarwanda, kilichowalenga wapiganaji wa FDLR, waasi wa Kinyarwanda waliokuwa msituni Kongo. Waliokwisha kurudi Rwanda walizungumza na wenzao waliobaki, wakiwaambia wako hai na wanaishi na familia zao. Hicho kilikuwa na lengo moja, kuwafanya watu waweke silaha chini. Mimi siwezi kukilaumu.

Lakini kipimo changu ni kingine. Nani aliichukia? Serikali iliwahi kuichukia, waasi waliwahi kuichukia, na wenye bunduki wasio na jina waliichukia zaidi. Redio inayomtumikia mmoja huchukiwa na upande mmoja tu.

Kahuzi ameandika:

Bandugu, miye ni mtoto ya Bukavu. Nitajitahidi niandike Kiswahili cha kwenu.

Nimefurahi kuona uzi huu, ila nataka kuongeza mambo mawili ambayo mtu wa nje hawezi kuyasikia kama sisi.

La kwanza: msiseme kana kwamba kabla ya Okapi hatukuwa na redio. Bukavu tulikuwa na Radio Maendeleo tangu 1993, redio ya wananchi, iliyojengwa na vyama vya pale pale. RCD waliifunga zaidi ya mara moja kwa sababu ilikuwa inawapa watu neno. Okapi ilipokuja, ilikuja na mishahara ambayo redio zetu hazikuweza kushindana nayo, na baadhi ya vijana wetu bora wakahamia huko. Siwalaumu, kila mtu ana watoto. Lakini mkiandika historia, andikeni na hilo. Wanahabari wa Okapi hawakushuka kutoka kwenye ndege. Wengi walijifunza kazi kwenye hizi redio ndogo, bila mshahara wa maana, chini ya vitisho.

La pili ni Serge na Didace.

Serge Maheshe alikuwa mhariri wa habari wa Okapi Bukavu. Miaka 31. Jioni ya tarehe 13 Juni 2007 alikuwa na marafiki wawili, anakwenda kupanda gari lenye alama za UN. Wakaja watu wenye silaha, wakampiga risasi. Mji mzima ulijua usiku ule ule. Kesi ikapelekwa mahakama ya kijeshi, ikaenda haraka haraka, na Agosti watu wanne wakahukumiwa kifo, kati yao wale marafiki wawili waliokuwa naye akifa. Journaliste en danger, shirika la Kikongomani la kutetea wanahabari, na wengine walipiga kelele kwamba uchunguzi umeharibiwa. Mei 2008 rufaa ikawaachia huru marafiki wale. Kwa hiyo nani alituma? Sisi bado tunauliza.

Kabla vidonda havijapona, tarehe 21 Novemba 2008, Didace Namujimbo, mwenzake wa studio ile ile, akauawa kwa risasi usiku akirudi nyumbani. Studio moja, mji mmoja, watu wawili, chini ya mwaka mmoja na nusu.

Asubuhi iliyofuata studio ilibidi ifunguliwe. Mtu alikaa kwenye ile meza akasoma habari. Kwa hiyo Dereva, ndugu yangu, ukiuliza uamuzi ulikuwa wa nani, mimi nakujibu: wa hao waliorudi kwenye meza.

Mama Ashura ameandika:

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwanangu Kahuzi, pole sana, na Mungu awarehemu. Umeandika vizuri. Na hilo la Radio Maendeleo umefanya vema kulisema, wenye nyumba wasisahaulike.

Dereva wa Semi ameandika:

Kahuzi, nimekuelewa ndugu yangu. Pole. Kuhusu UN nabaki na langu, ila kuhusu wale wanahabari nakubaliana na wewe kabisa.

Mwanakigoma ameandika:

Kahuzi, asante. Hayo ya mishahara na Radio Maendeleo yanabaki kwenye uzi huu, na kila atakayeusoma atakutana nayo.

SEHEMU YA TATU, maana kuna watu wameniuliza pembeni kuhusu ile habari ya kukatwa matangazo.

Mwaka 2010 mambo mawili yalitokea. MONUC ikageuka MONUSCO, na Taasisi ya Kimataifa ya Wanahabari, IPI, ikaipa Okapi tuzo ya waanzilishi wa vyombo huru vya habari. Miaka miwili baadaye waasi wa M23 wakaiteka Goma, tarehe 20 Novemba 2012. Okapi ikafanya kile ilichofanya tangu siku ya kwanza: ikazungumza na pande zote, ikiwemo M23, kwa kumhoji kiongozi wao wa kisiasa, Jean-Marie Runiga. Mwanzoni mwa Desemba mawimbi yake yakakatwa Kinshasa kwa siku chache. Mamlaka ya utangazaji, CSAC, ikatoa sababu za kiutaratibu, lakini kila mtu aliona mahojiano yale yamewauma.

Fundi, hapa nakuomba uniunge mkono: waliweza kukata Kinshasa, lakini kwingineko nchini iliendelea kusikika, sivyo?

Fundi Mitambo ameandika:

Ndivyo mkuu. Ukitaka kuziba FM unaweka mawimbi yenye nguvu zaidi juu ya masafa yale yale, hapo 103.5 ya Kinshasa, na unamziba wa karibu tu. Mitambo ya Bukavu au Kisangani inapokea kutoka setilaiti, haiijui 103.5. Mtandao uliosambazwa kwa sababu ya ukubwa wa nchi ukawa pia kinga yake.

Mwanakigoma ameandika:

Shukrani Fundi.

Tukio lile la 2012 si la zamani kama linavyoonekana. Januari 2025 Kinshasa iliisimamisha Al Jazeera kwa siku 90 baada ya kumhoji Bertrand Bisimwa wa M23. Mwezi ule ule Goma ikaanguka tena, na Februari ikafuata Bukavu. Swali ni lile lile la 2002: mwananchi ana haki ya kumsikia adui wa serikali yake akiulizwa maswali magumu, au la? Mimi nasema anayo. Mtu anayetawaliwa na M23 leo anahitaji zaidi kuliko yeyote kusikia M23 wakiulizwa hadharani kuhusu kodi, kuhusu vijana wanaochukuliwa, kuhusu maiti. Ukiwafungia maikrofoni, unawaachia wajihoji wenyewe kwenye redio walizoziteka.

Na sasa linakuja jambo linalonikosesha raha. Hirondelle ilimaliza ushirikiano wake na Okapi mwaka 2014, kwa hiyo ule ukuta kati ya jenerali na meza ya habari ukaondoka. Redio ikabaki moja kwa moja ndani ya MONUSCO. MONUSCO nayo inaondoka kidogo kidogo. Kivu Kusini ilimaliza Juni 2024. Siku ujumbe ukifungwa, kinga ya kisheria, ndege, dizeli ya jenereta na mishahara vinaisha kwa pamoja. Nani ataibeba?

Kijana wa Kasulu ameandika:

Wapewe serikali basi mkuu. Ni nchi yao. Waunganishe na RTNC, redio na televisheni ya serikali yao.

Mwanakigoma ameandika:

Kasulu, mifano ipo, tuiangalie.

Sierra Leone walifanya unavyosema. Redio ya UN iliunganishwa na shirika la utangazaji la serikali, likazaliwa SLBC mwaka 2010. Kwenye karatasi lilikuwa la umma. Lakini shirika la umma linaishi kwa bajeti ya serikali, na bajeti ya serikali ina mwenyewe. Kwa Kongo, ambako mwaka 2012 serikali hiyo hiyo ilishaonyesha inafikiri nini kuhusu mahojiano na waasi, mimi siwezi kushauri hilo.

Liberia walichukua njia nyingine. Ujumbe wa UN ulipofungwa 2018 redio yake ikakabidhiwa kwa ECOWAS. Kwa Kongo ungemkabidhi nani? Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Rwanda ndani yake, na Kinshasa na Kigali hawaaminiani. SADC ilipeleka askari. Kila mlango una mgogoro.

Njia ya tatu ni Bangui. Ujumbe wa UN ulipoondoka Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2000, redio yake haikwenda kwa serikali. Hirondelle waliishika, ikawa Radio Ndeke Luka. Nchi ile imepita mapinduzi ya 2003 na vita vya Séléka na Anti-balaka kuanzia 2013, na Ndeke Luka ingali inasikika. Mimi naunga mkono njia hii: taasisi ya Kikongomani yenye bodi yake, mitambo ikabidhiwe kwao kisheria kabla MONUSCO haijafunga milango, na studio za mikoa zibaki. Wakianza kubana matumizi kwa kufunga Kindu, Kalemie na Bunia wabaki na Kinshasa peke yake, watakuwa wameua kitu chenyewe. Redio za Kinshasa zipo nyingi.

Kahuzi ameandika:

Nakubaliana, na ninaongeza sharti moja kama mtoto wa Bukavu. Hizi redio ndogo nazo ziingie kwenye hiyo bodi: Maendeleo na wenzake kote mashariki. Wagawane mitambo na wagawane habari. Okapi imechukua watu wao kwa miaka mingi, sasa iwarudishie kitu. Mwandishi wa redio ya kijijini Fizi anajua kilichotokea Fizi kabla ya mtu yeyote, ila hana namna ya kusikika Mbandaka. Huo mtandao wa setilaiti ndio anaouhitaji yeye.

Fundi Mitambo ameandika:

Kiufundi linawezekana kabisa, na si ghali kama zamani. Mwaka 2002 ulihitaji sahani kubwa na injinia wa kudumu. Leo redio ya kijijini inatuma ripoti safi kwa simu, kinachobaki ghali ni umeme na mnara. Ningeanza na sola kwenye mitambo ya milimani, dizeli ndiyo inayokula bajeti.

Dereva wa Semi ameandika:

Na wasikilizaji je? Mafuta ya jenereta, hata hiyo sola, lazima mtu alipe. Bangui wanaishi kwa wafadhili, wafadhili nao siku hizi wanaondoka kila mahali.

Mwanakigoma ameandika:

Kweli Dereva, hilo ndilo tatizo gumu kuliko yote. Kongo ina kampuni za simu na mabenki yanayolipia matangazo redio nyingine, na Okapi haikuwa imejengwa kwa ajili ya biashara hiyo. Ningekubali matangazo yaingie, kwa sharti kwamba hakuna kampuni ya madini wala chama cha siasa kinachoruhusiwa kununua muda wa kipindi cha habari au mjadala. Kahuzi, kama unawafahamu watu wa redio za Kivu wanaolijadili hili, waombe waje waandike hapa hapa, hata kwa Kiswahili cha Bukavu. Tutaelewana.